Tivii Imekataa Muvi, Sabufa Imeganda: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Nina meza yangu hapa Mwanga, Kigoma mjini, kazi yangu ni kuweka nyimbo na muvi kwenye flashi na memori kadi, na simu ndogo ndogo natengeneza. Kwa siku naulizwa jambo lile lile mara nyingi mno, asubuhi mwalimu, mchana dereva, jioni mama anayerudi kuuza migebuka Kibirizi, na karibu wote wanaanza na maneno haya haya, "faili limekufa." Nimeandika hapa vile ninavyowajibu. Naomba kitu kimoja kabla hujaendelea, usifute wala usifomati chochote mpaka usome. Mara nyingi sana faili ni zima kabisa, ni kifaa ndo hakijui kulisoma, na kibaya zaidi vifaa vingi havisemi ukweli, vinaganda tu au vinaandika eror ambayo haikusaidii lolote.

Tivii imeandika "unsupported format". Si ndo limeharibika hilo?

Hapana. Faili lililoharibika na faili lisilosapotiwa ni vitu viwili tofauti, sema kwenye skrini yanafanana.

Chukua gunia. Ukilikuta gunia limesimama pale mwaloni huwezi kujua ndani kuna nini, inaweza kuwa dagaa, inaweza kuwa maharage ya Kasulu, inaweza kuwa chumvi ya Uvinza, kwa nje ni gunia tu. Sasa MP4, MKV, AVI, MOV, 3GP, hayo ni magunia. Kilichomo ndani ni picha na sauti, na kila kimoja kimebanwa kwa namna yake, hiyo namna ya kubana ndo inaitwa kodeki. Picha inaweza kuwa H.264, H.265, AV1, VP9, au ile ya zamani ya Xvid na DivX. Sauti inaweza kuwa MP3, AAC, AC3, DTS, Opus. Kwahiyo unaweza kuwa na MP4 mbili, majina yanafanana kila kitu, moja inacheza na nyingine inakataa, maana ndani hazifanani.

Na miaka ina maana yake hapa. H.264 ilitoka 2003, H.265 ambayo wengine wanaiita HEVC ikatoka 2013, AV1 ikaja 2018. Tivii iliyotengenezwa 2011 haiwezi kuijua H.265, haikuwepo bado! Hata ukabadilisha flashi kumi bado itakataa. Watu wanapenda kubana muvi kwa H.265 kwa sababu ubora ukiwa ule ule faili linakuwa dogo, linaweza kufika karibu nusu ya lile la H.264, na kwa sisi tunaohesabu MB za bando hiyo ni faida kubwa, lakini ndo hivyo, ukilipeleka kwenye kifaa cha zamani linagoma.

Ntajuaje ndani ya faili kuna nini?

Kwenye kompyuta fungua faili kwa programu ya VLC halafu bonyeza Ctrl na J kwa pamoja, itakuja dirisha inayoonyesha kodeki ya picha na ya sauti. Kuna programu nyingine ya bure inaitwa MediaInfo, hiyo inakuambia kila kitu hata kama faili lenyewe halichezi. Kwenye simu, VLC ya Android ukibonyeza zile nukta pembeni ya video kuna sehemu ya taarifa zake. Kabla sijagusa faili la mteja yeyote naanza hapa, ni nusu dakika tu, na fundi ambaye haanzi hapa anabahatisha.

Mbona kwenye simu inacheza vizuri na kwenye tivii inagoma, na tivii nimeinunua ghali?

Bei haihusiani sana. Tivii, deki, sabufa na redio ya gari zinasoma mafaili kwa chipu maalumu, na ile chipu imefundishwa kodeki kadhaa kiwandani basi, hapo imemaliza shule. Simu na kompyuta zinaweza kutumia programu, prosesa yenyewe ndo inafanya hesabu, kwahiyo ukiinstoli programu nzuri unakuwa umeifundisha kitu kipya.

Ndo maana VLC inafungua vitu vingi hivyo, inakuja na kodeki zake ndani, haiombi kwa Windows wala kwa Android. Ilianza 1996 kama kazi ya wanafunzi wa chuo cha École Centrale Paris huko Ufaransa, na tangu 2001 ni ya bure na maandishi yake ya ndani (source code) yako wazi kwa kila mtu. Hailipiwi, ukikuta mtu anakuuzia VLC ujue unaibiwa.

Picha naiona, sauti hamna kabisa. Spika zimekufa?

Jaribu wimbo mwingine kwanza. Ukisikika, spika ni nzima, tatizo ni kodeki ya sauti. Muvi nyingi zilizotolewa kwenye diski za Blu-ray sauti yake ni AC3 au DTS, na hizo zina mambo ya leseni, kampuni inatakiwa ilipie, kwahiyo wengine wanaamua kuziacha. Samsung kwa mfano waliacha kusapoti DTS kwenye tivii zao kuanzia zile za 2018. MX Player nayo kwenye simu iliondoa baadhi ya hizo sauti kwa sababu hiyo hiyo ya leseni, ndo maana unaona inakwambia sauti haijasapotiwa na inabidi utafute kodeki ya ziada uiweke mwenyewe.

Kwenye simu njia rahisi ni kufungua muvi hiyo hiyo kwa VLC. Kwenye tivii inabidi ubadilishe sauti, lakini sauti TU, usiguse picha. Kama una FFmpeg kwenye kompyuta, ile programu ya bure ya kukonveti kwa kuandika amri, ni mstari mmoja:

ffmpeg -i muvi.mkv -c:v copy -c:a aac muvi_mpya.mp4

Hapo picha inanakiliwa kama ilivyo na sauti inageuzwa kuwa AAC. Hata laptopu dhaifu inamaliza kwa dakika chache. Nimeona mahali wanamkonvetia mtu muvi nzima masaa matatu, picha inatoka imefifia, na shida ilikuwa sauti peke yake. Inaniuma sana maana mteja anadhani ndo kazi ilivyo.

Kitu kingine, kabla ya yote hayo angalia kama muvi ina sauti mbili, yani lugha mbili ndani ya faili moja. Zile muvi za MKV unakuta sauti ya kwanza ni DTS na ya pili ni AAC, ukibadili tu kwenye menyu ya sauti inaongea.

Sauti nasikia, skrini nyeusi au imejaa kijani na pinki

Hapo ni kinyume chake, kodeki ya picha ndo inagoma. Mara nyingi ni H.265, na hasa ile ya biti 10, yenye rangi nyingi zaidi. Kuna chipu zinasoma H.265 ya biti 8 lakini ya biti 10 zinachanganyikiwa, na badala ya kukataa vizuri zinatoa rangi za ajabu.

Kwenye VLC ya kompyuta nenda Tools, halafu Preferences, halafu Input / Codecs, pale kwenye "Hardware-accelerated decoding" weka Disable, funga VLC na ufungue tena. Kwenye simu VLC ina seti hiyo hiyo, na kwenye MX Player unabadilisha kutoka HW kwenda SW. Maana yake unaiambia programu isiitegemee chipu, ifanye hesabu yenyewe. Betri itaisha haraka na simu ndogo inaweza kupata moto au picha ikakatakata, lakini utakuwa umeshajua tatizo liko wapi. Kama ni tivii hamna seti ya namna hiyo, badilisha faili liwe H.264.

Nikirinemu MKV niandike MP4 itakubali?

Hapana jamani. Ni kuandika "chumvi" juu ya gunia la dagaa. Kuna vifaa vichache vinaangalia jina tu kabla ya kufungua kwahiyo unaweza kubahatika, lakini mara nyingi unaongeza tatizo, maana sasa pleya inategemea kitu kimoja inakuta kingine, na pleya za bei rahisi hapo ndo zinaganda. Utaona mfano wake kwenye swali la redio ya gari hapa chini.

Na kwa sababu tumegusa majina, Windows ikitoka kiwandani inaficha ile sehemu ya mwisho ya jina. Kwahiyo unaweza kuona faili limeandikwa "muvi.mp4" kumbe jina lake kamili ni muvi.mp4.exe, hiyo sio muvi, ni programu na karibu kila mara ni kirusi. Fungua folda yoyote, nenda View, washa "File name extensions", na usizime tena. Muvi ikiwa na ukubwa wa KB kadhaa au MB mbili tatu ujue si muvi.

Flashi ina nyimbo zaidi ya 200, redio ya gari au sabufa ikifika wimbo fulani inaganda, lazima nizime

Hili ndo swali ninalolijibu kuliko yote, madereva wa hiace, wenye saluni, wenye mabaa ya Gungu na Ujiji, wote. Na ndo tabia mbaya kabisa ya pleya. Pleya nzuri ikikutana na faili isilolijua inatakiwa iseme "hili siwezi" halafu iruke iende linalofuata. Hizi nyingi za bei nafuu haziruki, zinang'ang'ania hapo hapo mpaka uzime, au zinarudi mwanzo wa folda, nyingine zinasema "NO USB" wakati flashi ni nzima. Mtu anaenda kununua flashi mpya, anahamishia nyimbo zile zile, na ugonjwa umehama nao.

Dereva mmoja wa Kigoma Kasulu alikuja na flashi ya tatu, ameshachoka, alikuwa anafikiria abadilishe redio. Nyimbo zilikuwa kama mia mbili, nyingi seben za Kongo alizopewa na watu wa boti. Huwezi kuzisikiliza moja moja, na huna haja, unagawa nusu kwa nusu. Nakili zote kwenye kompyuta kwanza ziwe salama. Kisha acha nusu kwenye flashi, jaribu kwenye redio. Ikiganda, mbaya yuko kwenye nusu hiyo, isipoganda yuko kwenye nusu nyingine. Igawe tena ile nusu yenye mbaya. Nyimbo 200 zinakuwa 100, 50, 25, 13, 7, 4, 2, 1, yani majaribio nane tu umemshika. Yule dereva tulimaliza kwa nusu saa tukiwa tumekaa ndani ya gari, na wimbo wenyewe uliandikwa .mp3 lakini ndani ulikuwa AAC, kuna mtu huko alirinemu M4A akadhani amekonveti. Kwenye simu ulikuwa unacheza vizuri kabisa, ndo maana hakuna aliyeushuku.

Baada ya kumpata wa kwanza rudia, wakati mwingine wako wawili.

Vitu vingine vinavyogandisha ambavyo nakutana navyo: picha ya kava iliyopachikwa ndani ya wimbo ikiwa kubwa sana, ile ya MB nzima, redio ndogo inajaza kumbukumbu yake na picha. Halafu nyimbo za M4A, FLAC na OGG zilizochanganywa na MP3, sabufa nyingi zinajua MP3 na pengine WMA basi. Halafu kama flashi ilipita kwenye kompyuta ya Mac, inaacha vifaili vinavyoanza na nukta na mstari, vina KB 4 hivi, kwa mfano "._wimbo.mp3", jina ni la wimbo lakini ndani hamna muziki wowote, kwenye Windows huvioni mpaka uwashe kuonyesha vilivyofichwa, lakini redio inaviona na inajaribu kuvicheza. Hivyo futa bila wasiwasi, ni vifaili vya Mac tu.

Na ondoa kila kisicho wimbo. Picha, PDF, APK, video, dokumenti za kikoba, weka flashi nyingine. Flashi ya gari iwe ya gari.

Sabufa haioni kabisa flashi yangu mpya ya GB 64

Flashi na memori kadi kubwa kuliko GB 32 mara nyingi zinatoka kiwandani na mfumo wa kupanga mafaili unaoitwa exFAT, na redio na sabufa nyingi zinajua FAT32 tu. Nakili vilivyomo, halafu fomati kwa FAT32. Kwa miaka mingi Windows ukibonyeza Format imekuwa haikupi FAT32 kwenye flashi iliyozidi GB 32, tumia programu ya Rufus, ni ya bure. Au nunua ya GB 16, kwa nyimbo inatosha sana.

Flashi ina nafasi GB 10 na muvi ni GB 5, inakataa kuingia

FAT32 haipokei faili moja linalofika GB 4, hata flashi iwe tupu. Aidha ubadilishe mfumo uwe exFAT au NTFS kama tivii yako inasoma, jaribu na flashi isiyo na kitu kwanza, aidha ubane muvi, aidha uikate vipande viwili kwa programu ya MKVToolNix.

VLC au pleya ya simu inajifunga yenyewe kila nikiifungua

Uliza lini ilianza. Mara nyingi ni baada ya faili moja tu kuingia. Pleya za simu zinapofunguka zinapita kwenye folda zote kutafuta video na kutengeneza vile vipicha vidogo vya mbele, ikifika kwenye faili bovu inadondoka, ukifungua inarudi pale pale inadondoka tena, unaona kama programu ndo imeharibika. Au inakumbuka video ya mwisho na kutaka kuendelea nayo. Kwahiyo hamishia mafaili mapya kwenye kompyuta au toa memori kadi, kisha fungua pleya. Ikitulia umeshapata, tumia ile njia ya nusu kwa nusu.

Ikiendelea kudondoka hata bila kadi, nenda kwenye seti za simu, Apps, tafuta pleya, futa cache kwanza, yani vile vitu vya muda ilivyojiwekea. Kufuta data ni hatua ya baadaye maana utapoteza playlisti zako, muvi zenyewe hazifutiki. Kwenye kompyuta VLC ina kitufe cha "Reset Preferences" pale pale kwenye Preferences.

Na apdeti. Najua bando ni pesa, lakini toleo la miaka sita nyuma lina mapungufu ambayo yamesharekebishwa, na mengine ni ya usalama kabisa, kuna mafaili yanatengenezwa makusudi yaiangushe pleya ili kirusi kiingie. Kama huna bando njoo na flashi kwa mtu unayemwamini akupe faili la kuinstolia alilolichukua tovuti ya wenyewe, videolan.org.

Kwenye Windows kuna kitu kinafanana na hiki, ukifungua folda yenye video bovu dirisha zima linakuwa jeupe linasema Not Responding. Windows nayo inatengeneza vipicha. Badilisha mwonekano wa folda uwe List au Details, itaacha.

Windows inaniletea 0xc00d36c4. Niweke kodeki paki?

Namba hiyo inamaanisha moja kati ya vitu vitatu, aina haisapotiwi, jina limekosewa, au faili ni bovu, Windows yenyewe haijui ni kipi. 0xc00d5212 ni wazi zaidi, kodeki haipo. Kwa H.265 Microsoft wana kiongezo chao dukani, kinauzwa kama dola 1, lakini mi sioni sababu wakati VLC inafungua bure.

Kodeki paki, yani furushi la kodeki nyingi kwa pamoja, siipendi kwa mtu wa kawaida. Inaingiza vitu vingi ndani ya Windows, ukiinstoli mbili tatu zinagombana na hata zilizokuwa zinacheza zinagoma. Na tafadhali sana, ukiona muvi inafunguka inakuonyesha maandishi tu "pakua kodeki hii ili uone muvi", funga na ufute hapo hapo. Ukiacha vile vifaili vya Mac, hilo ndo faili pekee nakuruhusu kufuta bila kufikiri. Ni mtego.

Nataka kukonveti mwenyewe. Nitumie nini?

Kwanza jua kuna njia mbili. Kubadilisha gunia tu bila kugusa kilichomo, na kubadilisha kilichomo. Ya kwanza ni ya dakika chache na ubora haupungui hata kidogo:

ffmpeg -i muvi.mkv -c copy muvi.mp4

Hii inafaa pale ambapo ndani kuna H.264 na AAC ila tivii haitaki MKV. Ya pili ndo kukonveti kwenyewe, inachukua muda na ubora unashuka kila ukirudia, kwahiyo konveti mara moja tu kutoka kwenye faili la asili, usikonveti kilichokonvetiwa.

Kwa asiyependa kuandika amri, HandBrake ni ya bure na ina vitufe. Chagua "Fast 720p30", gunia MP4, anza. Ikitoka itakuwa H.264 na AAC, na karibu kila tivii yenye USB ya miaka kumi na kitu hii inakubali. Kwa deki za zamani zile za DVD zenye tundu la USB, hizo nyingi zinataka AVI ya Xvid na sauti ya MP3, HandBrake haitoi AVI, rudi kwenye FFmpeg:

ffmpeg -i muvi.mkv -c:v mpeg4 -vtag xvid -q:v 4 -vf scale=720:-2 -c:a libmp3lame muvi.avi

Jaribu dakika mbili kwanza kabla ya muvi nzima. Kwenye FFmpeg ongeza -t 120 kabla tu ya jina la mwisho. Umeme wetu ukikatika katikati ya MP4 inayotengenezwa, umepoteza kazi yote, kwahiyo chaji laptopu ijae ndo uanze. Na faili la asili usilifute mpaka umeona jipya limecheza kwenye kifaa chenyewe, mwanzo, katikati na mwisho.

Video ya harusi kamera ilizima chaji katikati, faili lipo GB 3 lakini halifunguki popote

Hili sasa ni bovu kweli, ila sio kwamba limekufa. MP4 ina sehemu ya orodha inayomwambia pleya kila picha iko wapi, na kamera nyingi zinaiandika mwisho kabisa mtu anapobonyeza stop. Chaji ikiisha orodha haijaandikwa, picha zote zimo humo ndani lakini hakuna anayejua zilipo. VLC ina kipengele cha kurekebisha lakini ni cha AVI, hakitakusaidia hapa.

Kuna programu ya bure inaitwa Untrunc. Inahitaji video nyingine nzima iliyopigwa na kamera ILE ILE kwa seti zile zile, inajifunza kutoka kwayo halafu inajenga orodha upya. Kwahiyo mpiga picha akikwambia alishafomati kadi, muulize kama ana kipande chochote cha siku ile. Si mara zote inarudi yote, lakini nimeshaona bibi harusi akilia mbele ya meza yangu kwa kuona mama yake akicheza kwenye skrini.

Na nyie mnaorekodi ibada na semina kwa programu ya OBS, rekodini kwa MKV, ikikatika pale ilipofika inabaki inacheza, mtageuza kuwa MP4 baadaye.

Nina video za zamani za 3GP, simu mpya inasema haiwezi kucheza

Tafadhali usifute. Zile simu za zamani zilirekodi picha kwa H.263 na sauti kwa AMR, vifaa vya sasa vingi havijihangaishi navyo. VLC ya kompyuta inazifungua nyingi. Ukishaifungua konveti kwa HandBrake, na lile la zamani lihifadhi pia.

Nasema hivi kwa sababu video pekee tuliyokuwa nayo ya bibi yangu akiongea ilikuwa kwenye memori kadi ya simu ya mjomba. Simu ilibadilishwa, mpya ikaandika haiwezi kucheza, kadi ikapelekwa kwa fundi mmoja akasema imekufa, akaifomati ili "itumike tena". Nilikuwa sijaanza kazi hii. Leo nikikumbuka ile eror naamini kabisa faili lilikuwa zima, ilikuwa ni kodeki tu. Sauti yake hatuna tena.

Voisi za WhatsApp zinagoma kwenye sabufa

Ni Opus. Geuza kuwa MP3: ffmpeg -i voisi.opus voisi.mp3

Video alizonitumia ndugu mwenye iPhone hazichezi

Tangu iOS 11 ya 2017 iPhone nyingi zinarekodi kwa H.265. Mwambie aende Settings, Camera, Formats, achague "Most Compatible", za kuanzia hapo zitakuwa H.264. Zilizokwisha tumwa geuza.

CD zangu za VCD za kwaya, nikiziweka kwenye kompyuta naona mafaili ya DAT

Ingia folda ya MPEGAV, faili AVSEQ01.DAT na wenzake ndo video zenyewe, ni MPEG-1. VLC inafungua moja kwa moja. Zinakili mapema mzee wangu, diski inakwaruzika kila mwaka na ile iliyokwaruzika sana sina namna nayo.

Nilidaunilodi ndani ya apu ya Netflix au YouTube, mbona pleya haioni?

Zimefungwa na funguo, zinafunguka kwenye apu hiyo hiyo tu. Hapo sio kodeki na hamna konveta ya halali itakayokusaidia.

Muvi zote kwenye flashi zimegeuka shotikati za KB 1

Kirusi. Mafaili yako yapo, yamefichwa. Usibonyeze shotikati hata moja. Fungua Command Prompt, lile dirisha jeusi la kuandika amri kwenye Windows, kama flashi ni E andika:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Yakitokea yanakili, skani kwa antivirusi, fomati flashi. Na ile kompyuta uliyoichomeka mara ya mwisho nayo isafishwe, la sivyo kesho unarudi.

Subtaito za Kifaransa zinaleta alama za ajabu badala ya herufi

Fungua faili la SRT, yani la subtaito, kwa Notepad, ukiona herufi ziko sawa, Save As, chagua UTF-8. Jina la SRT lifanane na la muvi herufi kwa herufi. Zikichelewa au kuwahi, kwenye VLC bonyeza G au H.

Faili linaonyesha 0 KB. Linafunguka?

Hilo ni jina tu, ndani hamna kitu, mara nyingi flashi ilichomolewa kabla ya kumaliza kunakili. Kama lile la asili liko kwa aliyekupa, rudi kwake. Kama lilikuwa la kwako peke yako, acha kutumia hiyo kadi sasa hivi, usipige hata picha moja, usiweke hata wimbo, maana kila kinachoingia kinaweza kukaa juu ya kile unachokitafuta. Itoe, ifunge kwenye karatasi, ilete. Programu ya PhotoRec inaweza kuchimbua yaliyofutwa mradi hayajafunikwa, na kadi ambayo haikuguswa nina matumaini nayo makubwa zaidi kuliko ile iliyozungushwa kwenye simu nne kujaribu.